Sura mpya ya Wikipedia na kilio cha watumiaji: somo kwa wenye soko wa Mbulu na Hanang

Na Mwandishi Wetu, Katesh

WAHARIRI wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura kutaka sura mpya ya tovuti hiyo iondolewe na ile ya zamani irudishwe. Kura yao, ambayo habari zake zilienea duniani mwanzoni mwa mwaka 2023, ilikuwa ya kauli moja. Hakuna aliyeunga mkono mabadiliko.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza habari hiyo inaingiaje katika taarifa ya soko, katikati ya bei ya mbaazi na bei ya vitunguu saumu. Inaingia kwa sababu mbili. Kwanza, Wikipedia ni ghala la habari ambalo wafanyabiashara wengi hulichota bila kulitambua. Ukiuliza mtandaoni kata fulani iko wilaya gani au ina watu wangapi, mara nyingi jibu linatoka humo. Pili, mvutano huo ni ule ule tunaoukuta mnadani, katika chama cha ushirika na katika mkutano wa wanahisa. Mwenye mamlaka ya kupanga anabadilisha mpango, na wanaoutumia kila siku wanasema haukuwafaa. Swali la msingi ni nani mwenye neno la mwisho.

Biashara iliyopo hapo

Wikipedia ni kamusi elezo iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Inaendeshwa na Shirika la Wikimedia lenye makao yake San Francisco, Marekani, ambalo halitafuti faida. Haina matangazo ya biashara. Fedha zake zinatokana na michango, mingi ikiwa midogo midogo, kutoka kwa wasomaji.

Bidhaa yenyewe, yaani makala, inaletwa na watu wa kujitolea ambao hawalipwi hata senti. Kwa hesabu za kibiashara hali hii ni ya ajabu kidogo. Shirika lina mtambo, lina mafundi na lina fedha, lakini halina wakulima wa kuajiriwa. Mavuno yote yanaletwa ghalani na watu waliokuja kwa hiari yao, na kwa hiari hiyo hiyo wanaweza kuacha kuja.

Mtambo wenyewe unaitwa MediaWiki. Ni programu huria, maana yake maandishi yake ya ndani yako wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuisambaza bila kulipa ada ya leseni. Juu ya mtambo huo huvalishwa sura, kama duka linavyopakwa rangi na kupangwa rafu. Sura iliyozoeleka tangu mwaka 2010 iliitwa Vector. Kabla yake ilikuwepo MonoBook ya mwaka 2004. Iliyoleta kelele inaitwa Vector 2022.

Nini kilibadilishwa

Sura hiyo ilianza kujaribiwa mwaka 2020 katika Wikipedia za lugha chache, ikiwemo ya Kifaransa. Tarehe 18 Januari 2023 ikawekwa katika Wikipedia ya Kiingereza, iliyo kubwa kuliko zote, na hapo ndipo dunia nzima ilipoiona.

Mabadiliko makubwa yalikuwa manne. Yaliyomo ya makala, ambayo zamani yalikaa juu karibu na maneno ya utangulizi, yalihamishiwa pembeni kushoto na kubaki hapo msomaji anaposhuka chini. Menyu kuu iliyokuwa ubavuni kushoto ikawekwa mahali pa kufichwa, ikifunguliwa kwa kubofya. Orodha ya lugha nyingine, iliyokuwa wazi ubavuni huo huo, ikakunjwa ndani ya kitufe kimoja karibu na kichwa cha makala. Na upana wa maandishi ukawekewa kikomo, hivyo kwenye kioo kikubwa cha kompyuta pakabaki nafasi nyeupe pande zote mbili.

Wenye tovuti walikuwa na hoja zao, na ni haki zielezwe. Mstari mrefu mno huchosha macho, ndiyo maana hata magazeti huchapwa kwa safu. Mtu anayekuja kwa mara ya kwanza hutishwa na viungo vingi vilivyorundikana pembeni. Sanduku la kutafutia liliboreshwa likawa linaonyesha picha na maelezo mafupi, na Shirika likatangaza kuwa katika majaribio utafutaji uliongezeka kwa asilimia 30. Hayo si madogo.

Malalamiko

Watumiaji waliopinga, katika lugha mbalimbali, hawakusema kuwa sura mpya ni mbaya kwa macho tu. Walisema inawapotezea muda. Nafasi nyeupe waliiona kama shamba lililoachwa bila kulimwa. Menyu zilizofichwa ziliwalazimu kubofya mara mbili palipotosha mara moja.

Kwa Waswahili suala la lugha lina uzito wa pekee. Mwandishi wa makala ya Kiswahili hufanya kazi akiwa na kurasa mbili au tatu wazi kwa pamoja: ya Kiswahili anayoiandika, ya Kiingereza anayoisomea, na pengine ya Kijerumani kwa habari za zama za ukoloni. Orodha ya lugha kwake ni mlango wa kutokea na kuingia. Ukiufunga mlango huo hata kwa komeo dogo, anayepita mara moja kwa mwezi hatajali, lakini anayepita mara hamsini kwa siku atalalamika.

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme kubofya mara moja zaidi kunachukua sekunde 2. Mhariri anayefungua kurasa 300 kwa wiki anapoteza sekunde 600, sawa na dakika 10. Kwa wiki 52 za mwaka ni dakika 520, yaani saa 8 na dakika 40. Hiyo ni siku nzima ya kazi, na ni siku ya mtu asiyelipwa. Msomaji wa kawaida anayefungua kurasa tatu kwa wiki, kwa hesabu hiyo hiyo, anapoteza dakika 5 na sekunde 12 kwa mwaka mzima, na pengine yeye amefaidika zaidi kwa kupata yaliyomo pembeni.

Hapa ndipo penye fundo la jambo lote. Faida ilitawanyika kidogo kidogo kwa mamilioni ya wasomaji, na gharama ikawalemea watu wachache wanaoleta bidhaa. Ukipima kwa wastani utaona faida. Ukipima kwa yule anayebeba gunia utaona hasara. Vipimo vyote viwili ni vya kweli, na mgogoro unatokana na kutumia kimoja na kukitupa kingine.

Simu ya mkononi haimo

Jambo moja lifahamike ili tusikuze mambo. Mabadiliko haya yalihusu kompyuta. Anayefungua Wikipedia kwa simu ya kiganjani, kama wafanyavyo wengi kutoka Haydom hadi Endasak, huona sura nyingine kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya simu. Kwa hiyo muuza mbegu wa Dongobesh anayesoma kwa simu hakuhamishiwa kitu.

Hata hivyo anaguswa kwa mlango wa nyuma. Makala za kata na vijiji vyetu zinaandikwa na kurekebishwa na watu wachache, na kazi ndefu ya aina hiyo kwa kawaida hufanyika mbele ya kompyuta. Wakipungua, makala zinabaki na takwimu za zamani. Chukua mfano wa sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Manyara ulihesabiwa kuwa na watu 1,425,131. Mwaka 2022 ukahesabiwa watu 1,892,502. Ongezeko ni watu 467,371, karibu theluthi moja ya idadi ya mwanzo. Mfanyabiashara anayepanga kufungua duka la pembejeo kwa kutumia tarakimu ya 2012 anaagiza mzigo wa soko lililokwisha kupitwa na miaka kumi.

Mfano mwingine ni wa huzuni. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Siku hizo mtu wa mbali aliyetaka kuchangia, kupeleka mzigo au kujua kama barabara ya Babati hadi Singida inapita hapo, alihitaji maelezo sahihi ya mahali kwa lugha anayoielewa. Maelezo ya namna hiyo huandikwa kabla ya siku ya msiba, na watu ambao hakuna anayewakumbuka mpaka siku yenyewe ifike.

Nani mwenye mali

Wasomaji wetu wanaonunua hisa wanaijua kanuni ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua mwaka 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL. Mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Mwanahisa mdogo akichukizwa na uamuzi wa bodi anaweza kusema katika mkutano mkuu, na akishindwa anauza hisa zake na kuondoka.

Katika programu huria hakuna hisa. Mtumiaji hana kura ya kisheria juu ya wenye mtambo. Lakini ana haki moja ambayo mwanahisa hana: anaweza kuondoka na nakala ya mali yote. Programu ni huria, na makala zenyewe zina leseni inayoruhusu kunakiliwa kwa masharti ya kutaja chanzo na kuendeleza uhuru huo huo. Ni kama mkulima aliyehama AMCOS akaruhusiwa kuchukua nakala ya ghala zima, na ghala la awali likabaki limejaa vile vile.

Haki hiyo si ya maandishi tu. Mwaka 2002 waandishi wa Wikipedia ya Kihispania walihofia kuwa tovuti ingewekewa matangazo ya biashara. Wakachukua nakala, wakaanzisha kamusi yao iliyoitwa Enciclopedia Libre, iliyopewa hifadhi katika Chuo Kikuu cha Sevilla, Hispania. Wikipedia ya Kihispania ilidorora kwa muda kabla ya kuinuka tena. Mwaka huo huo Wikipedia ilihama kutoka anwani ya kibiashara kwenda anwani ya mashirika yasiyotafuta faida, na hadi leo haina matangazo. Kuondoka kwao kulibaki kuwa onyo.

Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya Wajerumani. Shirika liliweka chombo kipya cha kuonyeshea picha. Wahariri wa Kijerumani wakapiga kura kukikataa kisiwe cha kuanzia, na mmoja wao mwenye mamlaka ya kiufundi akakizima. Shirika likajibu kwa kuweka kufuli jipya ambalo hata viongozi waliochaguliwa na wahariri hawakuweza kulifungua. Ilizuka hasira kubwa. Novemba 2015 kufuli hilo likaondolewa. Shirika lilishinda siku ile ya kwanza, kisha likatumia zaidi ya mwaka kujaribu kurudisha imani.

Katika mgogoro wa 2023 pande zote zilikuwa zimejifunza kitu. Wikipedia ya Kiingereza ilifanya kura kubwa ya kutaka sura ya zamani irudishwe. Walioandika kutaka irudi walikuwa wengi kuliko waliopinga, lakini waliopewa kazi ya kufunga mjadala waliamua kuwa hapakuwa na mwafaka wa kutosha, na sura mpya ikabaki. Kwa upande wake Shirika liliweka kitufe cha kupanua maandishi, na mwaka 2024 likaongeza menyu ya kuchagua ukubwa wa herufi, upana wa maandishi na rangi nyeusi au nyeupe. Kwa maneno ya dalali, bei haikufutwa, ila mizani ilirekebishwa.

Hanang inayajua haya

Mtu wa Hanang hahitaji kwenda San Francisco kujifunza kwamba mpango unaweza kuwa mzuri kwenye karatasi na ukamuumiza aliyekuwepo. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu na Mulbadaw, yaliyokuwa chini ya shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada, yalipangwa kwa hesabu za mavuno kwa ekari. Katika hesabu hizo nyanda za malisho za Wabarbaig zilionekana kama ardhi tupu. Wafugaji walisema si tupu, ni malisho ya msimu na njia ya kwenda kwenye maji na chumvi. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1985.

Kupoteza malisho si sawa na kuhamishwa kwa kitufe, na mwandishi huyu hataki kuyalinganisha kwa uzito. Kinachofanana ni kosa la hesabu. Mpangaji aliona nafasi tupu mahali ambapo mtumiaji aliona njia yake. Na tofauti ndiyo yenye faida kwetu: mfugaji wa Mulbadaw hakuweza kuchukua nakala ya mbuga akaenda nayo. Pale ambapo mali haiwezi kunakiliwa, kuulizwa mapema ndiyo kinga pekee.

Yanayotuhusu sokoni

Mauzo ya mazao yetu nayo yanahamia kwenye kompyuta. Mfumo wa stakabadhi za ghala una sheria yake tangu mwaka 2005, na Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, limekuwa likiendesha minada ya kielektroniki ya mazao kama ufuta na mbaazi. Lengo lake ni zuri: wanunuzi wengi washindane mahali pamoja na mkulima aione bei. Lakini mfumo wa namna hiyo una sura yake, vitufe vyake na hatua zake, na siku yoyote mojawapo inaweza kubadilishwa.

Likitokea hilo, maswali ya kuuliza ni yale yale waliyouliza wahariri wa Wikipedia. Je, mabadiliko yamejaribiwa na karani wa chama cha msingi mwenye kompyuta moja na umeme wa kukatika, au yamejaribiwa ofisini mjini tu? Faida inapimwa kwa wastani wa wote, au imetazamwa pia hasara ya wanaofanya kazi nyingi zaidi? Njia ya zamani itabaki wazi kwa muda gani? Na anayekataa anakataa wapi, kwa barua ipi, na jibu linatoka lini?

Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana. Wikipedia haikuifuta sura ya zamani. Aliyejiandikisha anaweza kuirudisha katika mipangilio ya akaunti yake kwa kuchagua Vector ya 2010, na ambaye hajajiandikisha anaweza kuongeza maneno ?useskin=vector mwishoni mwa anwani ya ukurasa, akauona kwa sura ile ya awali. Mlango huo mdogo ulipunguza hasira nyingi. Mwenye mtambo anayeacha njia ya zamani ikipitika kwa msimu mmoja au miwili hapotezi kitu kikubwa, na ananunua uvumilivu wa wateja wake kwa bei nafuu.

Kwa mwekezaji mdogo kuna funzo la ziada. Kabla ya kuweka fedha katika biashara inayotegemea programu, iwe ya mizani, ya leja au ya mauzo, uliza kama takwimu zako zinaweza kutolewa zote na kuhamishiwa kwingine. Kama haziwezi, basi siku mwenye programu atakapopanga upya rafu zake utalazimika kufuata, utake usitake. Programu huria haikuhakikishii kuwa utasikilizwa. Inakuhakikishia kuwa hutafungiwa ndani.

Wahariri wa Kiswahili walikuwa kundi dogo mbele ya mashirika na lugha kubwa. Walichofanya ni kile ambacho wauzaji wa mnadani wakihamishiwa uwanja huwa wanakisema chini chini tu wakirudi nyumbani: walikutana, wakahesabiana, wakaandika hapana yao mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma. Wenye maghala na vyama vyetu vya msingi wangefanya vizuri kuwa na daftari la namna hiyo mezani, na kulifungua kabla ya msimu kuanza.